Siku ya Mwisho ya Msafara wa Pikipiki Usambara, Kutoka Lushoto hadi Moshi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya yanahusu siku ya sita, yaani siku ya mwisho, ya msafara wetu wa pikipiki katika milima ya Usambara Magharibi. Baadhi ya maswali huulizwa kwa simu kabla mtu hajalipia nafasi yake, na mengine huulizwa mezani Lushoto usiku wa mwisho, wakati kila mmoja ameshaoga na kuanza kuhesabu saa za kufika nyumbani. Majibu ni yangu mimi ninayeongoza msafara, na pale ambapo nimetoa maoni badala ya kanuni nimesema hivyo.

Siku ya mwisho tunapita wapi?

Tunatoka Lushoto, tunashuka Soni, kisha Mombo, ambako tunaingia barabara kuu itokayo Dar es Salaam na Tanga kwenda Arusha. Kutoka hapo tunakwenda kaskazini-magharibi kupitia Mazinde, Mkomazi, Hedaru, Makanya, Same, Lembeni, Mwanga na Himo, hadi Moshi tulikoanzia. Safari nzima ni zaidi ya kilomita 200, na yote ni lami. Sehemu ya kwanza, kutoka Lushoto hadi Mombo, ni takriban kilomita 33 tu, lakini katika kilomita hizo tunashuka karibu mita 1,000: kutoka mji wenye baridi ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 hadi bondeni kwenye joto na mashamba ya mkonge.

Kama ni lami tupu, kwa nini mnasema ndiyo siku ya kuangaliwa zaidi?

Kwa sababu siku tano zilizotangulia barabara yenyewe ilikuwa inakukumbusha kuwa makini. Njia ya Mtae, yenye utelezi wa udongo mwekundu na mawe yaliyojitokeza, haimpi mtu nafasi ya kuwaza mambo mengine; ukizubaa kidogo, pikipiki inakuambia papo hapo. Lami haikuambii chochote mpaka umechelewa. Isitoshe, kufikia siku ya sita mikono imechoka, usingizi haujatosha, na mwendeshaji amejenga imani kwamba sasa anaijua pikipiki yake vizuri. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana ni ya hatari.

Nitatoa mfano mmoja. Tulikuwa na mshiriki aliyemaliza siku zote za Mtae, Mambo na Mlalo bila kuangusha pikipiki hata mara moja, katika wiki ambayo wengine wote walikuwa wameonja tope. Siku ya mwisho alianguka akiwa amesimama, ndani ya kituo cha mafuta pale Mombo. Alishusha mguu wa kushoto juu ya dizeli iliyomwagika, kiatu kikateleza, na pikipiki ikamlalia kifundo cha mguu. Haikuwa ajali ya kuandikwa gazetini, lakini alimalizia safari ndani ya gari akiwa na barafu mguuni, naye alikuwa mwendeshaji bora kuliko wote katika kundi lile.

Tunaondoka saa ngapi?

Chai ni saa 12:30 asubuhi, maelekezo ya safari ni saa 1:15, na injini zinawashwa saa 1:30. Sababu ziko mbili, nazo zote mbili zinahusu mwanga. Ya kwanza ni kwamba tunataka kufika Moshi kabla ya saa 10 jioni, kwa kuwa kuanzia Same tunaelekea upande ambao jua la alasiri huwa mbele yako, kidogo kushoto, nalo likishuka huifanya miwani ya kofia yenye vumbi kuwa kama kioo cha bafuni. Ya pili ni kwamba huku giza huingia haraka sana baada ya magharibi, na sisi hatuendeshi usiku kwa namna yoyote ile.

Hatuondoki mapema zaidi ya hapo kwa sababu ya ukungu. Kati ya Juni na Agosti hasa, Lushoto huamka ikiwa imefunikwa, na kona za kuelekea Soni huwa na unyevu chini ya miti. Nusu saa ya kusubiri huondoa tatizo hilo karibu lote.

Naomba nielezwe namna ya kushuka kutoka Soni hadi Mombo.

Hili ndilo swali kuu la siku, kwa hiyo jibu lake ni refu.

Kutoka Lushoto hadi Soni, ambayo ni takriban nusu ya njia, barabara inashuka na kupinda kwa upole. Baada ya Soni na maporomoko yake ya maji, inaingia kwenye korongo. Hapo ni nyembamba, upande mmoja kuna ukuta wa mwamba na upande mwingine kuna bonde, na kona zinafuatana bila kukupa nafasi ya kuona kinachokuja. Tunashuka mmoja mmoja katika mstari mmoja, si kwa mpangilio wa kupishana kushoto na kulia tunaoutumia kwenye barabara iliyonyooka. Kati yako na aliye mbele yako pawe na sekunde nne angalau: chagua jiwe au mti anaoupita, kisha hesabu.

Mwendo wako uzuiwe na gia kabla ya kuzuiwa na breki. Kwa pikipiki za cc 250 tunazotumia, gia ya pili au ya tatu inatosha kwa sehemu kubwa ya korongo. Ingia kwenye gia hiyo kabla ya mteremko kuanza, acha injini iishike pikipiki, na tumia breki kwa muda mfupi kabla ya kona, mbele na nyuma kwa pamoja, kisha uachie. Kona yenyewe ipite breki zikiwa zimeachiwa na mkono wa mafuta umefunguliwa kidogo sana, ili pikipiki itulie. Usiweke nyutro kabisa, na usishikilie klachi kwa muda mrefu, kwa sababu yote mawili yanakuondolea msaada wa injini.

Baki upande wako wa kushoto, lakini usibanane na ukingo. Ukingoni ndiko kunakokaa mchanga, kokoto zilizodondoka kutoka mlimani na, wakati wa mavuno, majani ya kabichi. Mstari wa kati nao una hatari yake: mabasi na malori yanayopanda hayawezi kupinda kona kali bila kuchukua sehemu ya upande wako. Dereva wa huko anayejua kazi yake hupiga honi kabla ya kona. Nawe piga, kisha sikiliza. Gari kubwa linalopanda likiwa limeshaingia kwenye kona, simama na uliache lipite, hata kama sheria iko upande wako.

Kuna jambo moja ambalo wageni wengi hawalitarajii. Baadhi ya vijana wa bodaboda hushuka korongo hili wakiwa wamezima injini ili kuokoa mafuta, mara nyingine wakiwa na matenga mawili ya mboga nyuma. Hutawasikia. Utaona tu kivuli kikikupita mkono wa kulia, kimya kabisa, na sauti pekee ni ya upepo na cheni. Ukishtuka na kuyumba, mtakutana. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha nafasi yako barabarani, hata kwa nusu mita, tazama kioo kwanza.

Nikisikia harufu ya breki kuungua, nifanye nini?

Washa taa ya ishara ya kushoto, punguza gia, tafuta mahali penye nafasi, na usimame. Usimwagie maji kwenye diski. Acha ipoe yenyewe kwa dakika 15 au 20, na mfunga msafara, yaani anayeendesha wa mwisho nyuma ya kundi, atakuwa pamoja nawe muda wote huo.

Najua ninachokisema kwa sababu yalinikuta mimi mwenyewe miaka ya mwanzo, kabla sijaanza kuongoza mtu yeyote. Nilishuka kutoka Soni mguu wa kulia ukiwa umelalia breki ya nyuma, si kwa nguvu, kwa uzito tu wa kiatu, huku nikitazama mandhari. Harufu niliisikia, nikadhani ni ya lori lililokuwa mbele. Kona tatu baadaye kanyagio likazama bila kushika kitu. Breki ya mbele iliniokoa, pamoja na bahati kwamba hapakuwa na gari lililokuwa linapanda.

Kilichotokea kina maelezo rahisi. Breki inayokandamizwa bila kupumzishwa hupata joto, joto hilo huhamia kwenye mafuta ya breki, na mafuta yakichemka hutoa mapovu. Mapovu hubonyezeka, mafuta hayabonyezeki. Ndiyo maana kanyagio linaenda chini bure. Mafuta mapya ya kiwango cha DOT 4 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini mafuta hayo hunyonya unyevu kutoka hewani kadiri muda unavyopita, na yakishanyonya vya kutosha kiwango kinachotakiwa huwa ni nyuzi 155 tu. Kwa hiyo fundi wetu hubadilisha mafuta ya breki za pikipiki zote kabla ya msimu kuanza, na usiku wa tano hukagua unene wa pedi moja baada ya nyingine. Kama unakuja na pikipiki yako, tafadhali fanya hivyo kabla hujatoka nyumbani.

Je, upepo wa matairi unabadilishwa?

Ndiyo. Njia za vumbi tunazipita na matairi yaliyopunguzwa upepo, karibu PSI 22, ili yashike vizuri. Asubuhi ya mwisho fundi anayajaza tena kwa kiwango cha lami kilichoandikwa kwa kila pikipiki. Tairi laini kwenye lami yenye joto, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hupata moto na kuifanya pikipiki iyumbe kwenye kona. Ukihisi usukani mzito, sema kabla hatujaondoka.

Nani anakuwa mbele, nani nyuma, na naweza kutangulia kama naijua njia?

Kiongozi yuko mbele na hapitwi. Mfunga msafara yuko nyuma na hampiti mtu yeyote, hata kama mtu huyo amesimama kupiga picha. Nyuma yake kuna gari lenye fundi, spea, sanduku la huduma ya kwanza na mizigo. Katika kila njiapanda, mwendeshaji anayefuata mara baada ya kiongozi anasimama mahali salama na kuelekeza wengine mpaka amwone mfunga msafara, kisha anaingia kwenye mstari. Kwa utaratibu huo hakuna mtu anayelazimika kukimbia ili asipotee.

Kuhusu kutangulia, jibu ni hapana. Kila msafara una mtu mmoja ambaye asubuhi ya mwisho anakumbuka kwamba ana shughuli Arusha saa nane mchana. Kama ni kweli, tuambie usiku wa tano. Tutakufanyia mpango wa kuondoka na gari, si na pikipiki.

Nivae nini, ikiwa tunaanza na baridi na kumaliza na joto?

Vaa kwa tabaka. Lushoto utahitaji sweta chini ya jaketi na glavu nzito, na ukifika Mombo, kwa kawaida kabla ya saa tatu asubuhi, sweta hilo litakuwa adhabu. Pale tunasimama kwa ajili hiyo hasa. Vua sweta, fungua zipu za kupitishia hewa, badilisha glavu, lakini jaketi lenye kinga za viwiko na mabega linabaki mwilini. Kila mara kuna anayesema kwamba jua ni kali mno na kwamba atavaa fulana mpaka Same. Anajibiwa kwa upole na anavaa jaketi.

Mombo tunakaa muda gani?

Dakika 40. Tunajaza mafuta, tunakunywa chai au maji, na kiongozi anatoa maelekezo ya pili, kwa sababu kuanzia hapo safari inabadilika tabia kabisa. Wapenda historia wanaweza kuvuka kuitazama reli ya Tanga, ambayo ilifika Mombo mwaka 1905, wakati wa Wajerumani, ambao Lushoto waliiita Wilhelmstal.

Kwa wanaopenda kubeba matunda nyumbani: nunueni Soni, si Mombo. Soni tunasimama dakika 10 na akina mama wanauza parachichi, plamu na pea kulingana na msimu. Yawekeni kwenye gari. Mfuko uliofungwa kwenye usukani hauruhusiwi, na tulishawahi kuokota plamu barabarani.

Barabara kuu ikoje? Mimi nimezoea njia za milimani, si mabasi.

Kwa waendeshaji wengi, hapa ndipo penye shida kubwa kuliko korongo. Barabara ni pana na sehemu kubwa imenyooka. Milima iko mkono wa kulia muda wote, kwanza Usambara, kisha Upare, na kushoto kuna tambarare ya bonde la Pangani. Wanaoifahamu wanajua kwamba ni sehemu kavu, na joto lake ni la kuchosha bila mtu kujua kwamba anachoka.

Mabasi ya mikoani yanakuja kwa kasi kutoka pande zote mbili. Basi likitokea nyuma yako, usiongeze mwendo kushindana nalo na usilikimbie kwa kuingia kwenye ukingo wa changarawe. Baki theluthi ya kushoto ya upande wako, shika usukani kwa mikono iliyolegea, na liache lipite. Basi likitokea mbele, jiandae kwa pigo la hewa mara linapokupita. Pigo hilo huisukuma pikipiki kwanza kuelekea nje, kisha huivuta ndani. Mwendeshaji asiye na uzoefu hukaza mikono, na mikono iliyokazwa ndiyo inayoigeuza misukosuko midogo kuwa mikubwa. Lala kidogo mbele, bana tangi kwa magoti, na uache mikono ifanye kazi ya kuelekeza tu.

Kuna pia upepo wa pembeni. Milima ya Usambara inapoishia kabla ya Upare kuanza, na tena kandokando ya Same, kuna nafasi wazi ambazo upepo hupita bila kizuizi, hasa kuanzia mchana. Ukiona vumbi linavuka barabara mbele yako au miti imelala upande mmoja, punguza mwendo kabla ya kufika hapo.

Makanya kuna machimbo ya jasi, na malori yanayoibeba huingia barabarani polepole sana yakiwa yamesheheni. Usiyapite kwa hasira. Kiongozi ndiye anayeamua lini kundi linapita, na kila mwendeshaji anahakikisha kwa macho yake mwenyewe kwamba barabara ni nyeupe. Kwamba mwenzako aliye mbele amepita si ushahidi kwamba wewe unaweza kupita. Gari lililokuwa mbali alipokuwa anapita yeye sasa liko karibu.

Mwisho kuna matuta. Karibu kila kijiji kina tuta au mfululizo wa vituta vidogo, na si kila tuta lina kibao au rangi inayoonekana. Ukiona nyumba zinaanza kukaribiana na watu wanauza vitu kando ya barabara, amini kwamba tuta lipo, hata kama hujaliona. Popote reli inapokata barabara, vuka ukiwa umenyooka wima.

Vipi kuhusu trafiki na tochi?

Ndani ya makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa, kuanzia kibao cha 50 hadi kibao kinachoifuta, na trafiki wenye tochi za kupimia mwendo hukaa mahali ambapo dereva hudhani kijiji kimekwisha lakini kibao bado. Kundi letu linakwenda 50 kamili katika vijiji na halizidi 80 nje ya vijiji. Ukipigwa tochi ukiwa nyuma ya kiongozi, basi ulikuwa umebaki nyuma na unakimbiza kundi, jambo ambalo tumekuomba usilifanye.

Ukisimamishwa, simama upande wa kushoto, zima injini, vua kofia ngumu, salimia kwanza. Onyesha leseni na bima. Faini ni ya mwendeshaji mwenyewe. Hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, si mkononi. Mfunga msafara atasimama pamoja nawe, lakini hatajadiliana kwa niaba yako.

Mvua ikinyesha asubuhi hiyo?

Tunasubiri. Msimu wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, hatupangi misafara kabisa kwa sababu mawe huanguka kwenye korongo la Soni, na mara nyingine udongo hufunga barabara. Wakati wa vuli, mvua za asubuhi huweza kutushikilia Lushoto saa moja au mbili. Kama hadi saa 5 asubuhi barabara haijawa salama, tunalala Lushoto usiku mwingine. Gharama ya chumba iko ndani ya bei ya safari, na chakula cha jioni unajilipia.

Hatari kubwa ni dakika 20 za kwanza za mvua baada ya siku kavu, maji yanapochanganyika na vumbi na mafuta ya magari. Lami huwa na utelezi kuliko itakavyokuwa saa moja baadaye mvua ikiendelea.

Nimechoka. Naweza kumaliza safari ndani ya gari?

Ndiyo, wakati wowote, bila kuulizwa sababu. Kuna nafasi mbili kwenye gari kwa ajili hiyo, na fundi ataendesha pikipiki yako. Wengi huhamia kwenye gari tukiwa Same, baada ya chakula.

Na kuhusu chakula hicho: tunakula Same karibu saa 6 mchana, kidogo kwa makusudi. Wali wa sahani kubwa na nyama ya mbuzi ni haki yako, lakini uidai Moshi. Kati ya Same na Mwanga, kuanzia saa 7 hadi saa 8 mchana, barabara imenyooka, joto limepanda na injini inaimba sauti moja. Nimemwona mtu akipepesuka kwa usingizi juu ya pikipiki inayotembea, kichwa kikiinama kama cha mtu aliyeko msikitini wakati wa hotuba ndefu. Ukihisi kope nzito, inua mkono wa kushoto juu, na kundi litasimama.

Mwenzangu anakaa nyuma yangu. Je, anaruhusiwa siku ya mwisho?

Anaruhusiwa, isipokuwa kwenye korongo. Kutoka Soni hadi Mombo abiria wote wanapanda gari, kwa sababu uzito wa mtu wa pili huongeza kazi ya breki na kurefusha umbali wa kusimama. Mombo mnaungana tena.

Nikianguka, au pikipiki ikiharibika?

Mfunga msafara anasimama, na gari liko dakika chache nyuma yake. Pancha na cheni vinatengenezwa hapo hapo. Tatizo likiwa kubwa zaidi ya hayo, pikipiki inapakiwa na wewe unaendelea kwenye gari. Kwa majeraha, kuna hospitali Lushoto, Same na Moshi, na tunakwenda kwenye iliyo karibu bila kubishana. Mtu aliyegonga kichwa haendeshi tena siku hiyo, hata akisema yuko sawa, na zaidi sana akisema yuko sawa mara tatu.

Mimi natoka Kenya na pikipiki yangu. Lazima nifike Moshi?

Hapana. Unaweza kuagana nasi Himo, ambako kuna njiapanda ya kwenda Holili na Taveta. Hakikisha una kibali cha kuingiza chombo kwa muda ulichopewa ulipoingia, kitabu cha pikipiki na bima ya kadi ya njano (ya vyombo vinavyovuka mipaka), kwa kuwa forodha wataviomba upande wa kutokea. Toa taarifa usiku wa tano ili mzigo wako upakiwe juu.

Ushauri wangu binafsi ni kwamba ulale Taveta au Moshi na uondoke asubuhi. Barabara ya kutoka Taveta kwenda Voi ni nzuri, lakini inapita katika hifadhi ya Tsavo, na tembo anayevuka barabara saa 12 jioni hana taa ya nyuma.

Nitauona Kilimanjaro?

Pengine. Mlima uko mbele yako kuanzia karibu na Mwanga, lakini mchana kilele chake cha Kibo mara nyingi hufunikwa na mawingu. Ukifunguka, usitazame ukiwa unaendesha. Kiongozi ana mahali pake pa kusimamia kabla ya Himo.

Pikipiki inakaguliwaje inaporudishwa, na amana yangu narudishiwa lini?

Inakaguliwa ukiwepo, uwanjani Moshi, kwa kutumia picha zilizopigwa siku ya kwanza. Mikwaruzo kwenye kinga za mikono, kioo cha pembeni kilichovunjika milimani na tope la aina yoyote havikatwi. Kinachokatwa ni rimu iliyopinda, tangi lililobonyea na klachi iliyoungua. Amana hurudishwa siku hiyo hiyo kwa njia uliyolipia.

Bahshishi ni lazima?

Si lazima. Ukipenda kutoa, usimsahau fundi, ambaye hulala wa mwisho kila usiku na ambaye washiriki wengi hawamjui jina hadi siku wanayopata pancha.

Naweza kukata tiketi ya ndege ya usiku huo huo?

Hatushauri. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro uko kati ya Moshi na Arusha na si mbali, lakini mtu mwenye ndege saa 3 usiku huanza kutazama saa yake Hedaru, na kuanzia hapo anaendesha saa, haendeshi pikipiki. Kata ya kesho yake.

Nimesahau kitu hotelini Lushoto. Nifanyeje?

Tupigie simu. Kila msafara kuna anayeacha chaja ukutani au soksi juu ya kamba, na hoteli hutuwekea. Kitu kidogo kinawekwa kwenye basi la asubuhi la Lushoto kwenda Moshi kama kifurushi. Unalipia nauli ya kifurushi na kukipokea stendi siku inayofuata. Soksi tunaomba utueleze kwanza ni za rangi gani, kwa sababu sasa tuna mfuko mzima.